Miavuli Kumi na Mmoja ya Meneja

Bi Simu alipokea simu za watu ofisini kwa miaka ishirini na tisa, na jina hilo likamganda. Macho yake hayakuwahi kuona, lakini masikio yake yangemsikia hata mende akipiga miayo. Alipostaafu aliishi na pacha wake, aliyemtangulia duniani kwa dakika saba na kuzifanya dakika hizo cheo.

Mwaka huo Bi Simu alitaka kumnunulia pacha wake cherehani ya umeme, tena kwa siri. Duka la mtandaoni lilikuwa nazo, na simu yake ilikuwa na sauti ya kumsomea yaliyo kwenye skrini. Ila kwenye duka hilo sauti ilisema tu: "Picha. Picha. Kitufe. Kitufe." Kitufe cha nini? Kununua au kufuta? Nyumbani mtu wa kumuuliza alikuwa mmoja, naye ndiye aliyekuwa akifichwa.

Akapiga simu dukani, akapewa meneja.

"Pole, mama. Tafuta mtu akusaidie kubofya."

"Mwanangu, sheria ya watu wenye ulemavu inasema duka lililo wazi kwa umma liwe wazi na kwangu, hata likiwa la mtandaoni. Nimeisikiliza kifungu kwa kifungu. Wewe umeisoma?"

Meneja akakohoa. "Njoo ofisini kesho, mama."

Alifika saa tatu asubuhi. Alimfunga meneja macho kwa mtandio wake, akamwekea simu mkononi, akamwambia anunue mwavuli mmoja tu. Meneja akahangaika robo saa, jasho likimtoka, sauti ikimwimbia "Kitufe, kitufe." Mwishowe akapaza sauti: "Nimenunua!"

Binti aliyekuwa fundi wa tovuti akachungulia skrini. "Bosi, umenunua miavuli kumi na mmoja. Halafu umefuta akaunti yako."

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Meneja naye alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akavua mtandio machoni.

"Lakini tulijaza fomu kwamba tumetimiza sheria. Nani alikagua?"

"Programu," fundi akajibu kwa sauti ya chini. "Iliangalia kama kila kitufe kina jina. Vyote vinalo. Vyote vinaitwa Kitufe."

"Hiyo ni familia ya ajabu," Bi Simu akasema, na kicheko kikaanza upya.

Kwa siku tisa fundi aliandika, Bi Simu akasikiliza na kukosoa. "Usiniambie picha, niambie picha ya nini." Siku ya kumi sauti ikatamka wazi: "Weka kwenye kikapu." Bi Simu akabofya mwenyewe, na fundi akamkumbatia kama mama yake mzazi. Meneja akamwomba awe mkaguzi wao wa kudumu. Akakubali, kwa sharti kwamba programu isisaini chochote bila yeye kusikia.

Cherehani ilipofika, pacha wake alifungua boksi akapiga yowe.

"Nani kakusomea?"

"Masikio yangu."

"Na hii rangi nyekundu ninayoipenda?"

"Miaka sitini na mbili unanisimulia magauni yako, nisijue?"

Pacha akafuta machozi, akakumbuka ukubwa wake wa dakika saba. "Haya, nyamaza, kaa hapo nikupime. Gauni la kwanza ni lako."