Gole la Jogoo Mwekundu

Kila alfajiri, kabla ya kuwafungulia kuku, Febronia aliingiza mkono bandani akawapapasa mmoja mmoja kwenye gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo. Saa hiyo gole huwa limenywea. Siku hiyo alipomfikia jogoo mwekundu, vidole vyake vilisita. Gole lilikuwa gumu kama ngumi. Alipomtoa nje, jogoo alihema mdomo wazi, pumba mbichi zimemganda mdomoni.

Kosa hilo alilijua kuliko wengi. Tangu wahamie kijiji cha ujamaa karibu na Issuna, kuku waliuzwa kwa mizani, na baadhi ya watu wakaanza kuwashindilia pumba na maji kwa nguvu ili wazidi uzito. Kuku wengine walikufa garini, njiani kwenda sokoni. Mkutano wa kijiji ukapitisha sheria: kuku aliyeshindiliwa hapimwi, hurudishwa nyumbani; na mwenyewe hauzi kitu msimu mzima. Mkaguzi wakamchagua Febronia, maana aliaminika.

Jogoo huyo alikuwa auzwe leo. Balozi wa nyumba kumi, Ezekieli, alishamfunga mguuni kitambaa cha kuuzwa tangu jana, kwa hiyo hakufichika.

Alimfikiria jirani yake Esta, ambaye tetea wake yeye Febronia alimkataa kwenye mizani juzijuzi. Kisha akamtazama mumewe, Mughwai, aliyekuwa akinawa mikono polepole mno. Hata mume alimshuku. Akamwamkia mama mkwe wake jikoni. Mama Mughwai aliitikia marahaba bila kuinua macho.

Kwenye mizani watu walishajaa. Esta hakukawia.

"Haya, leo nani atamkagua mkaguzi?"

Wakacheka. Febronia alijua akinyamaza, hakuna atakayeuamini mkono wake tena. Akamweka jogoo miguuni pa balozi.

"Huyu ameshindiliwa," alisema. "Sijui nani kamshindilia."

Kicheko kikakatika. Macho yake yalikwenda kwa Esta kabla hajayazuia.

"Usinitazame mimi, shoga. Banda lako nalijulia wapi?"

Balozi aliuliza nani analala karibu na banda. Mughwai akageuka kumtazama mama yake. Kutoka nyuma ya watu Mama Mughwai akajipenyeza mbele, khanga kaivuta mpaka kidevuni, akaanza kueleza kwamba siku ya mkutano aliondoka mapema kufuata kuni. Alisikia tu kwamba kuku aliyeshindiliwa anarudishwa nyumbani, hayo ya kutouza msimu mzima hakuyasikia.

Febronia alimsogelea. Jogoo alikuwa bado anahema.

"Mama, umemuumiza. Kwa nini hukuniambia?"

Mama mkwe aliinama, akampapasa jogoo mgongoni kwa vidole vilivyokuwa bado na pumba kwenye kucha.

"Kule tulikotolewa nimeacha nyumba, nimeacha na kaburi la baba yenu," alisema. "Huyu tu ndiye aliyewika pale, na anawika hapa. Sikutaka umuuze, mkwe wangu. Nataka abaki."