Kawa la Matemwe

Hapakuwa na ulimi Mjini kama wa Khelef bin Darwesh, na hilo alilisema mwenyewe kabla hujamuuliza. Akionja mchuzi wa papa, alikwambia papa huyo kavuliwa upande gani wa kisiwa, na kama aliyekuna nazi alikuwa amenuna. Nyumba kubwa za Shangani zikiwa na harusi zilimpelekea bakuli kwanza, ndipo wageni wakaribishwe. Ulimi huo ndio uliompa mto wa kuegemea katika kila shughuli. Bila ya huo alikuwa muuza kandili tu, aliyefiwa na mkewe.

Mwaka wa hamsini na nne ikatia nanga meli ya Kitaliano. Mpishi wake, Gaspari, alikuwa ameishi Barawa, na Kiswahili chake kilichechemea miguu yote miwili lakini kilifika. Akaketi baraza ya Sokomuhogo, akaanza kuwasimulia watu vya kwao Bari: pweza mbichi aliyepigwa juu ya jiwe mpaka akajikunja kama ua, wale wa miiba mnaowakanyaga pwani, hupasuliwa wakafutwa kwa mkate, wali na kome uliookwa chunguni, tambi kwa wino wa ngisi, nyeusi tii.

"Tambi nyeusi!" akacheka Mabrouk, muuza kahawa. "Sie twatia sukari na hiliki, nyie mwatia wino. Mnakula au mnapaka viatu?"

"Wewe kucheka," alisema Gaspari. "Lakini pweza ya hapa, hiyo ndiyo kiatu."

Baraza zima likamgeukia Khelef. Khelef akasimama, akakung'uta kanzu.

"Ukirudi safari nyengine, utakula kwangu. Ukiona kiatu, mie sionji tena chungu cha mtu."

Basi akapanda gari la shamba mpaka Matemwe kwa Bi Mwanakheir, bibi aliyesifiwa kisiwa kizima kwa pweza wa nazi. Maji yakikupwa alitembea mwambani na kijiti chake, akimchokoa pweza shimoni kama mtu anayemwamsha jirani.

"Shikamoo, Bi Mwanakheir."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kitako, nnakwenda kisimani mara moja."

Ndani palitandikwa mkeka. Juu yake sahani imefunikwa kawa, na pembeni bakuli la maji ya kunawa, vyote vikielekea mlango wa pwani. Kwa mtu wa Mjini hapo hapana la kuuliza: chakula kilichofunikwa kawa mbele ya mgeni ni cha mgeni, na kukiacha ni kumvunjia heshima mwenye nyumba. Khelef akanawa, akafunua. Harufu ya lile tui ikamsahaulisha hata bismillahi. Pweza yule alilainika kama maini, na Khelef akaisafisha sahani kwa kidole.

Bi Mwanakheir alipoingia, ndoo ikamponyoka.

"Umekula cha Usi."

"Usi ndiye nani?"

"Mume wangu."

"Nitamtaka radhi akirudi, bibi."

"Alizama mwambani hapo mbele, mwaka wa tatu sasa. Kila siku namtengea, kila siku naikuta sahani imelambwa, na kawa liko juu yake. Umewahi kuona paka anayefunua kawa, kisha akalifunika?" Akaiangalia sahani tupu. "Mwenzio humjui, ushakula naye. Atakufuata."

Khelef alicheka njia nzima. Asubuhi akatia andazi mdomoni, likawa pamba iliyorowa. Pilipili ilimchoma, lakini ladha haikuja. Kila alipomaliza kula alitema mchanga mweupe, na mkeka upande wa pili ulikuwa umelowa, kama kwamba kaketi mtu na kikoi kibichi.

Kwenye harusi ya Shangani akalisifu biriani mbele za watu.

"Sheikh," Mabrouk alimnong'oneza kesho yake, "lile halikuwa na chumvi. Mji mzima unacheka."

Harusi iliyofuata, bakuli lilipita mlangoni kwake likaenda kwa mwengine.

Akarudi Matemwe mbio. Bi Mwanakheir alikuwa amekonda.

"Tangu siku ile sahani yangu inalala nzima," alisema. "Mtengee yake ya kwanza, uifunike, usiiguse. Akiona kwako ni mgeni tu, atakumbuka kwao. Nirudishie, mwanangu."

Khelef akafanya hivyo, na kila siku akiikuta sahani imelambwa. Polepole mkeka ukaanza kukauka. Siku moja ncha ya ulimi ikadokoa chumvi kidogo, nusura alie. Na siku hiyo hiyo meli ya Kitaliano ikapiga honi.

Alipika kwa kukumbuka, bila kujua anapika nini. Akatandika, akaweka sahani ya Usi chini ya kawa, akaenda jikoni kuchukua ndimu. Aliporudi, mkono wa Gaspari ulikuwa juu ya kawa.

"Hii nzuri ndiyo umeficha, eh?"

Neno moja tu lingemzuia. Khelef alimfikiria Bi Mwanakheir mlangoni kwake. Halafu akayafikiria mabakuli ya Shangani.

"Karibu," akasema.

Gaspari akala tonge la kwanza akafumba macho. "Umenishinda." Tonge la pili akatafuna taratibu. La tatu akauliza kama ipo chumvi, akatoa chembe ya mchanga katikati ya meno, akaitazama.

Khelef akatia lake mdomoni. Tui, ndimu, bizari, vyote vikamrudia kwa kishindo.

Alasiri Mabrouk alikuwa bandarini, akaapa: Gaspari alipanda ngazi ya meli na viatu vyake, na nyuma yake kila kidato kilibaki na unyayo wa maji, wa mguu mtupu.

Siku nyingi baada ya meli kuondoka, Khelef akasikia hodi. Bi Mwanakheir, kaja na gari la shamba, amepakata sahani iliyofunikwa kawa. Akaifunua. Pweza mzima, hakuguswa.

"Namngoja haji, kwangu wala kwako. Umempeleka wapi, Khelef?"

Khelef akakung'uta kanzu.

"Basi onja," akasema bibi. "Si ndiyo kazi yako?"

Akaonja. Ulimi ulimwambia yote bila kukosea: pweza wa mwamba wa Matemwe, wa maji ya asubuhi, na aliyekuna nazi alikuwa akilia.