Msiba Ndani ya Kibuyu cha Mama Bura

Usiku wa jana niliota nimeketi kwenye mkeka, msibani, ndani ya kibuyu cha mama mkwe wangu.

Sikushangaa. Ndotoni mtu hashangai, anauliza tu viatu avue wapi. Nikavua, nikajibanza kati ya waombolezaji, nikajitia huzuni kama tunavyojitia wote tukifika msibani bila kujua aliyekufa ni nani.

"Pole," nikamwambia aliyekaa jirani yangu.

"Pole mwenyewe," akajibu. "Si wewe uliyewaua?"

Alikuwa na umbo la kijiti cha kiberiti, amejifunga kanga kiunoni, wala hakuwa na uso. Lakini kwa jinsi alivyonigeukia, nilijua nimetazamwa vibaya.

Hapa lazima nieleze, usije ukanidhania jambazi. Mimi naitwa Hilda. Nimezaliwa Korogwe, nimeolewa na Bura huku Mbulu kwenye baridi, mwaka wa tano sasa. Mama yake Bura amepasuliwa tumbo. Wodini alikataa uji, akakataa mchuzi, akakataa hata soda, na mama huyo anavyopenda soda! Akazidi kukonda. Kwenye simu akasema anataka kitu kimoja tu, maziwa mgando ya kibuyu chake, na kwamba Bura atamrudisha nyumbani asubuhi.

Basi mimi mkwe mwema nikaona kibuyu chenyewe kwanza kipate usafi. Kile kibuyu aliachiwa na mama yake mzazi, na hakijawahi kuonja sabuni. Kwao kinasuuzwa kwa maji ya moto, kinatiwa kaa la moto na kutikiswa mpaka ndani kunakuwa na moshi, halafu mgando kidogo wa zamani unabakizwa uwe mbegu ya maziwa mapya. Nikasema moyoni, jamani, watu wanaishi hivi hivi? Nikamwaga hiyo mbegu. Nikatia sabuni ya maji, nikatia dawa ya madoa, nikasugua kwa kijiti chenye kitambaa mpaka bega likauma. Kikanukia limau. Nilijipongeza sana.

Kumbe nilikuwa naandaa msiba.

"Walikufa wangapi?" nikauliza kwa sauti ya kistaarabu.

Bibi mmoja akakohoa kule kwenye kona, pale kibuyu kinapoanza kuwa shingo. Alikuwa kijiti kilichopinda, mweusi kwa moshi.

"Ile chupa yako imeandikwaje?" akauliza.

"Imeandikwa inaua vijidudu asilimia tisini na tisa nukta tisa."

"Haya. Mimi ndiyo ile nukta moja iliyobaki."

"Na hawa waombolezaji?"

"Hawa ni marehemu wenyewe. Tungepata wapi wengine? Ulimaliza ukoo."

Nikatazama mkekani. Kweli, wote walikuwa wamekufa, ila walikaa kwa heshima. Yule jirani yangu akanisogezea kikombe cha chai, nikashukuru.

Mara hodi ikapigwa kwenye kizibo. Wakaingia madalali, wamevaa suti, viatu vinang'aa, mmoja ana futi ya fundi. Hawakutoa hata pole. Wakaanza kupima kuta.

"Tumesikia nyumba iko wazi," akasema mkubwa wao. "Nzuri sana. Hapa tutaweka kuhara. Pale kutapika. Homa itakaa sebuleni, yeye anapenda nafasi."

"Ninyi ni akina nani, na mmetoka wapi?" nikawaka.

"Kwako, mama. Kwenye dodoki lako la kuoshea vyombo."

"Thubutu! Jikoni kwangu ni safi!"

"Safi sana," akakubali. "Ulikatakata kuku kwenye ubao, ukaufuta kwa hilo dodoki, ukalikamua kidogo, ukaliacha pembeni ya beseni likiwa na unyevu na mabaki ya chakula. Sisi tumezunguka nyumba nyingi za wilaya hii, hatujawahi kutunzwa hivyo. Tatizo tumekuwa wengi. Halafu tukasikia umewafukuza hawa wazee waliokuwa wanatuzuia mlangoni. Tukasema, huyu mwanamke Mungu amzidishie."

Mwenzake akakunja futi. "Na mgonjwa anafika asubuhi, siyo? Wagonjwa tunawapenda. Hawana ubishi."

Hapo ndipo nilipoogopa, na sisemi kwa mzaha. Mama Bura na mimi hatujawahi kuelewana. Ananiita 'yule wa Korogwe' nikiwa nimesimama mbele yake. Lakini mtu mwenye nyuzi tumboni, aliyekataa chakula chote cha dunia akitaka kikombe kimoja tu, halafu kikombe hicho ndicho kimuue? Na aliyekiosha ni mimi?

Nikamkimbilia yule bibi kwenye kona. "Nifanye nini?"

"Mimi nikipata maziwa ninazaa," akasema. "Tukizaana, nyumba itachacha, na hao uchachu hawauwezi. Watatoka wenyewe na suti zao."

"Nakuletea sasa hivi!"

"Uniletee wewe? Nitajuaje kama ni maziwa au ni dawa ya madoa imejipaka weupe? Lete mdhamini. Awe wa jamii yetu, na awe anakujua."

"Nimtoe wapi mtu wa jamii yenu anayenijua?"

"Mimi niko msibani," akasema bibi. "Usinichoshe."

Nikachomoa kizibo kwenda kutafuta. Badala ya jikoni, nikatokea chini ya udongo, katika mizizi ya maharage ya shamba la Mama Bura.

Naona karakana. Kila mzizi una vifundo vidogo vya duara, na kila kifundo kina mlango. Ndani wamo mafundi wenye ovaroli. Wanavuta hewa kutoka juu kwa kamba, wanaikanda, wanaipika, wanayapelekea maharage. Maharage nayo yanawashushia sukari kwenye vikapu. Hakuna anayempigia mwenzake kelele. Nikajua siko kwa binadamu.

"Habari za kazi, fundi," nikamwambia msimamizi. "Naomba unidhamini kwa jamaa zako wa kwenye kibuyu."

Akaniangalia juu mpaka chini. "Wewe siyo yule uliyeng'oa maharage wakati wa palizi, ukaita majirani, ukasema mizizi ina uvimbe?"

"Nilidhani ni ugonjwa."

"Kila usichokijua ni ugonjwa. Zile zilikuwa nyumba zetu. Watu walikuwa wanakula chakula cha mchana."

"Samahani sana."

"Halafu ukamwaga mbolea ya dukani, inayofanya kazi hii hii tunayoifanya bure. Maharage yakatuambia, asanteni jamani, pumzikeni, tukiwahitaji tutawaita. Hayajatuita mpaka leo upande ule." Akapiga filimbi. Mafundi wote wakanigeuzia mgongo, na mgongo wa fundi aliyekasirika, mwenzangu, hauna pa kuushika.

Nikakaa chini nikalia. Nalia kwa hasira kwanza, kisha nalia kweli. Machozi yanajaa, yananibeba, yananipitisha kooni kwangu mwenyewe, na natua tumboni mwangu kwa makalio.

Ndani kumejaa kuliko siku ya mnada. Kuna wenye vijiti, wenye umbo la shanga, wenye mikia, wote wanaongea kwa wakati mmoja, wote wanakula. Kunapita kipande cha kande cha jana, wanakishangilia.

"Hilda!" mama mmoja akaniita, kwa lafudhi ya kwetu kabisa. "Leo umekuja mwenyewe?"

"Mnanijua?"

"Anauliza tunamjua!" Tumbo zima likacheka, na mimi nikasikia linanguruma. "Mwanangu, sisi tuko hapa tangu siku uliyozaliwa. Mama yako ndiye aliyetukabidhi kwako, pale pale mlangoni, ukiwa unatoka. Akatuongeza wengine kwa titi. Tumekulea naye."

Mama yangu alifariki kabla sijaolewa. Dada zangu waligawana kanga zake nikiwa bado nalia, na mimi nilikuja huku Mbulu bila hata kipande cha kitambaa chake. Nilikuwa naamini sina kitu cha mama. Nilisimama pale tumboni mwangu nikawatazama mmoja mmoja.

"Sasa usituangalie hivyo," akasema yule mama. "Nusu yetu umetuzika wewe mwenyewe. Unakumbuka yale mafua yako?"

"Niliumwa sana."

"Uliumwa mafua, ukameza vidonge vya kuua bakteria alivyobakiza jirani. Mafua hayahusiki na vidonge hivyo! Yalikaa pembeni yakatazama sisi tunavyokufa. Halafu ulipopata nafuu ukaviacha katikati. Wabaya wachache waliokuwemo wakapata mazoezi, wakatoka na misuli. Mmoja sasa hivi ananyanyua vyuma kwenye utumbo mpana. Hasalimii mtu."

Nikainamisha kichwa.

"Nahitaji mdhamini," nikasema. "Mama Bura anaweza kufa."

Wakajadiliana. Nilisikia vipande vipande. "Ni mbaya?" "Siyo mbaya, ana makelele." "Anapenda vinavyonukia limau." "Lakini maharage ya nazi anatuletea." "Na anamjali yule mama mkwe, ila anajificha." Hilo la mwisho nilitaka kulikanusha, lakini nikaona siyo wakati wake.

Yule mama akajifunga kanga ya pili. "Twende," akasema.

Tunarudi kibuyuni. Madalali wameshatundika mapazia. Kuhara amefika na godoro lake. Yule bibi amebaki kwenye kona, amekuwa mdogo zaidi.

"Huyu ni wa nani?" akamuuliza mdhamini wangu, bila kunitazama.

"Wa kwetu."

"Alifundwa?"

"Alifundwa, akasahau."

"Tangu aolewe hajawahi kutusalimia," akasema bibi. "Anaingia jikoni, anatukaba shingo, anatumimina, anaondoka. Kunywa anatunywa. Kutusalimia, hapana."

Mdhamini wangu akanifinya. Nikapiga magoti, kwenye ukuta ule niliousugua.

"Shikamoo bibi. Mimi naitwa Hilda, mke wa Bura. Nimewakosea. Mama anarudi leo na hana kingine anachoweza kula."

Marehemu wote wakaacha chai.

"Marahaba," akasema bibi. "Lete maziwa."

Hapo hapo ng'ombe akaingiza pua kwenye kizibo. "Yameshachemshwa," akatangaza. "Yamepoa, vuguvugu tu. Msiniulize nimeyachemshaje." Akamimina.

Bibi akanywa. Akavimba, akajikata katikati, wakawa bibi wawili, na papo hapo wakaanza kubishana nani mkubwa. Wakajikata tena. Kila bibi mpya alizaliwa na malalamiko yake. Kibuyu kizima kikajaa vikongwe wanaogomba, na kadiri walivyogomba ndivyo hewa ilivyozidi kuchacha.

Madalali wakaanza kupiga chafya. Suti zikawabana. Kuhara akakunja godoro bila kuambiwa.

"Mama, hii siyo hewa ya kuishi watu!" akalalamika mkubwa wao, machozi yanamtoka. "Basi, turudi kwenye dodoki. Bado lipo, siyo?"

"Nalichemsha asubuhi, halafu nalitupa."

"Kwa ukarimu wote ule!" akasema. "Watu hubadilika." Wakatoka mmoja mmoja, wakisukumana kwenye kizibo.

Nikamgeukia mdhamini wangu turudi nyumbani. Alikuwa ameshavua viatu.

"Mdhamini habebwi akarudishwa," akasema. "Mdhamini hubaki. Nenda mwanangu, wenzangu wako ndani yako."

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha, na sauti za watu zilitoka jikoni. Walishafika! Nikaruka kitandani bila kanga, nikakimbia, maana kibuyu nilikiacha kitupu, kimeinamishwa kwenye chanja, na nilitaka kusema mwenyewe kabla sijasemewa.

Mama Bura alikuwa amekaa kwenye kigoda, blanketi mabegani, amekuwa mdogo. Kibuyu kiko mapajani. Bura alimshikilia kikombe, na mama akamimina, na mgando ukatoka mzito, mweupe, kipande kwa kipande. Nikaishia mlangoni.

Akanywa. Akafumba macho. Akanywa mpaka nikasikia kikombe kinagonga meno, na Bura akageukia ukutani akajifuta uso kwa kiganja.

"Wamepungua," akasema Mama Bura.

Nikasogea karibu.

Akamimina tena kidogo, akaonja kwa ncha ya ulimi, taratibu, akinitazama.

"Na kuna mmoja humu simfahamu," akasema. "Siyo wa huku kwetu."

"Mama..." nikaanza.

"Mwache akae," akasema, akanyoosha kikombe nimwongeze.