Betri ya Mia

Watu walimwita Mahesabu, na jina alilipenda kuliko alivyokubali kusema. Alikuwa fundi umeme mwenye miaka kumi na minane kazini, kichwa kigumu ajabu, na kwake kila kitu kiligawanyika vizuri.

Mama yake alipumua kwa msaada wa mashine ya oksijeni iliyokoroma kando ya kitanda kutwa kucha. Lilipokuja tangazo kwamba Alhamisi umeme ungekatwa kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita, mdogo wake wa kike alishauri mama apelekwe zahanati, kwenye jenereta. Mahesabu akacheka. Ya nini kumhangaisha mgonjwa na ngazi za ghorofa nne, na nyumbani kuna inveta ya kuendeshea mashine na betri mpya ya ampea mia? Mashine inakula ampea thelathini. Mia gawanya kwa thelathini, saa tatu na ushei.

"Kaka, una uhakika?"

"Hesabu ni hesabu, dada. We kaa naye tu."

Mafundi wote husema hivyohivyo: ya hamsini, ya mia, ya mia mbili. Hakuna anayeuliza mia kwa mwendo gani. Ubavuni mwa betri, chini ya ile mia iliyochapwa kwa majigambo, kulikuwa na maandishi madogo: saa 20. Mahesabu alikwisha kuyaona kwenye betri nyingine mara elfu akayachukulia kuwa mambo ya kiwandani. Maana yake nyepesi, na ndiyo inayouma. Betri hutoa mia yake yote ukiichota taratibu, ampea tano kwa saa ishirini. Ukiikamua thelathini kwa mpigo, inakupa hamsini na kitu, kisha inveta inajizima.

Ilijizima saa tano kasorobo. Mahesabu alikuwa darini kwa mteja, simu ikilia ndani ya begi sakafuni. Mdogo wake alipiga mara kumi na moja, kisha akaita majirani, wakambeba mama kwenye kiti. Alikata roho kabla hawajafika ghorofa ya pili.

Msibani ndugu waliafikiana kwamba betri ilikuwa feki. Wakamlaani muuzaji, wakampa Mahesabu pole juu ya pole, naye akazipokea zote. Aliitaka sana iwe feki. Hakuna kitu alichopata kukitaka namna ile.

Baada ya matanga aliijaza betri hadi pomoni, akaiunganisha na taa za gari zinazokula jumla ya ampea tano, akawasha saa nne asubuhi. Akaketi mbele yake kwenye kigoda. Saa kumi alasiri zilikuwa bado zinawaka. Akaomba zizime. Mtu mzima, fundi, akiziomba glopu zimhurumie. Zilififia kesho yake, saa kumi na mbili asubuhi. Alihesabu kwa vidole, kama mtoto wa darasa la kwanza, halafu akahesabu tena.

Mdogo wake alimkuta hapohapo, macho mekundu. Aliziangalia zile taa, akaiangalia betri, akaelewa alichokuwa akipima.

"Ilikuwa mbovu, siyo?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayembembeleza mwenzake aseme ndiyo.

Mahesabu aliuchomoa waya wa taa.

"Nzima," alisema. "Ningekuacha umpeleke zahanati, dada, angekuwepo."