Kiongozi wa Safari

Akina mama wenzangu, mtoto wako akipewa cheo kwenye karatasi, uliza kwanza cheo hicho ni cha kufanya nini. Mimi sikuuliza.

Mwaka ule wa sabini na moja, binti yangu Robi alikuwa amemaliza darasa la saba na ameitwa kwenda kusomea ualimu. Ilibaki karatasi moja tu ya wilayani, ya kusema hana kosa lolote. Baba yake, Wambura, alikuwa ameshafariki. Mdogo wa marehemu, Luhende, ndiye aliyesimama kama baba. Nilikuwaga namwekea chakula hata asipokuja.

Luhende alikuwa na boti ya injini pale Kisorya, ziwani. Akaja na mpango: walimu sita wa Musoma wanataka kwenda hifadhini siku moja, waone viboko na ndege. Akauchora chini kwa kijiti.

"Tunaondoka alfajiri, boti inavuta mtumbwi. Tukifika kwenye mapipa mekundu, ndiyo mpaka wa hifadhi, nanyanyua injini. Kule ndani ni kasia tu. Saa kumi jioni tumeshatoka. Wewe shemeji utatupikia."

Kisha akatoa fomu ya kuombea kibali kwa bwana nyama, ofisi inayotunza hifadhi. Nafasi moja ilikuwa tupu: Kiongozi wa Safari.

"Tumwandike Robi," akasema. "Amesoma huyu. Mimi mwandiko wangu kama kuku kaparua."

Niliisoma mwenyewe fomu ile. Siku zile neno kiongozi lilikuwa kubwa, tulikuwaga tunalisikia redioni na kwenye mikutano. Nikaona jina la mwanangu limekaa na neno hilo, nikafurahi mpaka nikamwita jirani aje aone. Chini kulikuwa na maandishi madogo. Sikuyamaliza, nikamwambia Robi atie sahihi.

Asubuhi ya safari ilikwenda vizuri. Tulipiga kasia, walimu wakaimba, tukala ugali wa udaga wa muhogo na samaki sato wa kukaanga. Lakini wakati wa kurudi upepo ulitugeukia. Tunapiga kasia, tuko palepale. Saa tisa ikapita. Luhende akashusha injini majini.

"Baba mdogo, mapipa bado," Robi akasema.

"Ndugu Kiongozi ameogopa!" Luhende akasema, walimu wakacheka. "Kaa chini, binti. Unadhani kiboko ataenda kutushitaki?"

Injini ikanguruma. Hata mapipa hatujayaona, boti ya bwana nyama ikatokea kwenye matete. Askari akatuamuru tusimame.

"Kiongozi ni nani hapa?"

Nilimtazama Luhende. Nilijua atasimama. Yeye akanyoosha kidevu upande wa Robi.

"Huyo. Mimi naendesha tu."

"Baba mdogo?" Robi akasema, taratibu sana.

Luhende alikuwa anafuta mafuta mikononi, kidole kimoja kimoja.

Ofisini, karani mmoja, Isidori, akafungua faili. "Huyu Luhende tulimkataza kuleta watu tangu mwaka jana. Ana makosa mawili. Tungeona jina lake, kibali kisingetoka."

"Basi mwandikeni yeye!"

Akanigeuzia fomu, akaweka kidole kwenye yale maandishi madogo. Kiongozi wa Safari ndiye atakayejibu kwa kosa lolote la msafara.

"Nani aliisoma nyumbani?"

"Mimi."

"Unajua kusoma vizuri?"

"Nilifika darasa la nne."

"Basi mama, uliambiwa."

Luhende alikuja kwangu Jumapili, akakaa kwenye kigoda chake kama kawaida.

"Shemeji, usikasirike. Mimi wangenikamatia boti. Robi ni mtoto wa kike, ataolewa, yataisha."

"Siku ile na kijiti chako, ulikuwa unajua?"

"Nilitaka safari iende tu."

Sikumwekea chakula. Alikaa kidogo, akaondoka.

Karatasi ya wilayani ilikuja na kosa limeandikwa kwa wino mwekundu, na nafasi ya Robi ikapewa mwingine. Sasa tunalima pamba wote wawili. Kwa Luhende hatuendi, na watu wa ukoo wanasema nimevunja nyumba ya marehemu. Waseme.

Lakini barua ikija, nikinyoosha mkono nikisema lete nikusomee, mwanangu ananijibu kwa adabu, "Hapana, mama." Kisha anaenda kuisoma nje, pole pole, mpaka mstari wa mwisho.