Taulo Namba Arobaini na Saba

Mama Jaji alikuwa dobi, na dobi akishika shati lako dakika moja tu anajua mambo ambayo hata mkeo hayajui. Shida yake ni kwamba yeye alikuwa dobi na mke kwa pamoja.

Miaka kumi na miwili alikuwa akifanya kazi kwenye chumba kile cha nyuma, mashine nne zikinguruma, mvuke umejaa mpaka madirisha yanatoka jasho. Akinusa kola alijua nani ameacha sigara kwa mdomo tu. Akikunjua suruali alijua nani anasema anakwenda ofisini na kumbe anashinda amekaa kwenye nyasi. Watu wanadanganya, nguo hazijui kudanganya; ndivyo alivyowaambia wenzake, na hakuna aliyembishia, maana Mama Jaji kubishiwa hakuwezi.

Basi Jumatatu moja ya likizo ndefu, joto limepamba moto, aliingiza mkono kwenye mfuko ambao mumewe na binti zake wawili walikuwa wamerudi nao kutoka bwawa la kuogelea la mtaa. Akatoa taulo la Jaji, yule mkubwa. Limelowa. Akatoa la Kijiti, yule mdogo. Limelowa pia. Akayapeleka puani kwa mazoea tu, kisha akayanusa tena, na mara ya tatu akakaa kitako.

Maji ya bwawa yana dawa, na dawa ile ikishaingia kwenye kitambaa haitoki kirahisi. Mataulo yale hayakuwa na dawa hata chembe. Yalinuka sabuni ya kunawia mikono, ile ya kijani inayowekwa kwenye vyoo vya watu wote. Akaichomoa kaptura ya mumewe. Hiyo ilinuka dawa ya bwawa mpaka macho yakamwasha.

Yaani baba ameingia majini, watoto hawakuingia, na mtu fulani amelowesha mataulo ya watoto bombani ili yeye asijue.

"Leo maji yalikuwaje?" aliuliza jioni wakati wa kula, kama mtu asiye na habari.

"Mazuri," alisema mumewe.

"Ya baridi?"

"Ya wastani," alisema Jaji, haraka mno.

Jaji alikuwa na miaka kumi. Jina hilo alipewa kwa sababu hapakuwa na ugomvi pale mtaani ambao watoto wenzake hawakumletea auamue, na akiamua alisema ukweli bila kumwonea mtu haya, mpaka wakubwa walikuwa wanamkwepa. Kijiti, mwembamba kama jina lake, alikuwa na miaka sita na hakujua kuficha hata pipi.

"Kijiti, na wewe uliogelea?"

Kijiti akamtazama dada yake. Dada akamtazama baba. Baba akaomba maji ya kunywa, na bilauri yake ilikuwa imejaa.

Hakuwa mume wa kushukiwa ovyo, huyu. Alikuwa fundi makochi, mtu wa kimya, anayeweza kushinda asubuhi nzima na misumari mdomoni bila kukuambia neno. Halafu mwaka jana, msimu kama huu, Kijiti aliteleza akatumbukia upande wa kina kirefu, na baba mtu ndiye aliyemtoa. Mama Jaji alikisimulia kisa hicho mwaka mzima. Alikisimulia kazini, kwa mawifi, kwa wateja waliokuja kuchukua mashuka yao na haraka zao. Akifika pale pa "chubwi!" alipiga kofi moja kali mpaka watu wanashtuka. Kila akisimulia mumewe alitoka nje kwenda kuangalia kitu, na yeye akawaambia wageni, mnamwona? Hapendi kusifiwa.

Mtu wa namna hiyo akianza kuwafundisha wanawe kulowesha mataulo bombani, hapo kuna jambo.

"Shoga, amka," alisema Mpiga Pasi kesho yake, yule mwenzake wa meza ya pili, ambaye ndoa za watu zilimnyima usingizi kuliko yake. "Watoto anawaweka mahali, halafu yeye anakwenda anakokwenda."

"Lakini kaptura inanuka bwawa."

"Basi anakokwenda ni hapo hapo bwawani. Na hayuko peke yake. Mwanaume mzima ataogelea peke yake kwani yeye ni bata?"

Mama Jaji akamwambia anyamaze apige pasi. Lakini neno lilikuwa limeshaingia, na likakaa. Jumanne mataulo yakanuka tena sabuni ya kijani. Usiku hakumwuliza mumewe kitu, maana ukimwuliza mtu kabla hujashika ushahidi unampa nafasi ya kujipanga. Alimtazama tu anavyokata kucha, akajisemea moyoni kwamba mtu asiye na lake hakati kucha kwa uangalifu vile.

Jumatano ndipo ushahidi ulipokuja wenyewe. Ndani ya mfuko, katikati ya mataulo yao mawili yaliyochujuka, palikuwa na la tatu: zambarau, zito, si la kwao. Akaligeuza pembe moja. Namba ilishonwa kwa uzi wa buluu, arobaini na saba.

Akaitambua nne ile. Pale udobini kila mteja alikuwa na namba yake, nayo ilishonwa pembeni mwa kila kitu alicholeta ili mashuka ya watu yasichanganyike, na aliyekuwa akishona namba hizo ni yeye Mama Jaji. Nne zake zote zilikuwa zimeinama kidogo kushoto. Kwa mkono wake mwenyewe alikuwa amemtia alama mwanamke huyo, na hakuhitaji hata kufungua daftari la namba. Arobaini na saba alikuwa yule mfamasia wa duka la dawa la kona. Mjane, mrefu, akicheka anacheka na mabega.

Akalinusa lile taulo polepole, akitumaini hatakuta kitu. Akakuta gundi ya makochi, harufu isiyotoka shingoni kwa mumewe hata akioga mara tatu. Alikuwa amejifuta nalo.

Hasira ilimpanda. Si kwa ajili ya mwanamke tu. Angeweza, labda, kumeza habari ya mwanamke. Kilichomchoma ni Jaji kusema "ya wastani" bila kupepesa jicho. Huyu mtu alikuwa amewachukua wanawe, akawafanya wamtunzie siri, na yule mkubwa, ambaye tangu azaliwe hajawahi kusema uongo, sasa ameshaujua.

Alhamisi saa nne asubuhi aliacha mashine zikizunguka, akaondoka na aproni yake, taulo la zambarau kwapani. Mpiga Pasi alimfuata hadi mlangoni kumtakia heri, na uso wake ulikuwa wa mtu anayekwenda harusini.

Bwawa la mtaa lilizungushiwa uzio wa waya. Nje ya lango akina mama na akina baba walikuwa wamekaa kwenye kivuli chembamba cha ukuta, maboya ya mikononi ya watoto yameshapulizwa tayari, watoto wenyewe wakiruka mguu mmoja mmoja kwa sababu sakafu ilikuwa inaunguza. Wote walikuwa wanangoja saa tano. Mama Jaji hakujiuliza wanangoja nini. Alisogea kwenye uzio, akashika waya, akatazama ndani.

Jaji na Kijiti walikuwa wamekaa kwenye benchi, nguo zao kavu. Jaji alikuwa akihesabu kwa sauti. Na majini, mumewe alikuwa amelala chali, macho ameyafumba, mikono ameitanua, uso umetulia kama mtoto aliyeshiba. Pembeni yake alisimama mfamasia, maji yakimfika kifuani, mkono wake mmoja chini ya mgongo wa mwanaume huyo, akimsemesha kwa sauti ya chini na kutabasamu. Kulikuwa na watu wengine majini, lakini Mama Jaji hakuwaona. Aliwaona wawili tu.

Hakumbuki alivyopita langoni.

"Taulo lako hili hapa!" Alilirusha, likaangukia majini. "Namba arobaini na saba! Miaka minne nakufulia, kumbe nakutayarishia la kumfutia mume wangu!"

Wazee wawili waliokuwa wameshikilia ukingo upande wa pili waligeuka. Mumewe akafumbua macho, akamwona, na papo hapo akazama.

Alizama kweli. Miguu juu, kichwa chini, mikono ikipapasa, kwenye maji yasiyomfika hata mabega. Mfamasia akamshika kwapa, akamnyanyua kwa mkono mmoja, akamweka ukingoni. Mume akang'ang'ania pale, akikohoa, maji yakimtoka puani.

Mama Jaji akasogea ukingoni, akainama amtazame vizuri.

"Taratibu, Mama Jaji," alisema mfamasia. "Hili ni darasa la wazazi, mpaka saa tano watoto wanapofunguliwa. Hajui kuogelea, hii ni siku yake ya nne tu."

"Nani hajui? Huyu? Huyu mwaka jana alimtoa mtoto kwenye kina kirefu!"

Mfamasia alimgeukia fundi makochi. "Baba Jaji. Hukumwambia?"

Jaji alisimama kutoka kwenye benchi. "Mama, si baba aliyemtoa Kijiti," alisema, kwa sauti ile ile ya kuamua ugomvi wa watoto. "Ni yeye." Akamwonyesha mfamasia.

"Nilisimama pale," alisema mumewe. Alinyoosha kidole kwenye mstari mweupe wa ukingo, upande wa kina kirefu. Sauti ilikuwa haitoki vizuri. "Mtoto yuko ndani, mimi nimesimama. Miguu ikagoma. Huyu dada akaruka na nguo zake. Mimi nilipokea tu. Nilimkumbatia mtoto, nikaja naye nyumbani, na wewe ukaliona shati."

Mama Jaji alilikumbuka shati. La buluu, la mikono mifupi. Kifua kimelowa chapachapa, mgongo mkavu. Alilifua mwenyewe siku ile ile. Mtu gani anaruka majini mgongo ukabaki mkavu? Lingekuwa la mteja angeng'amua kabla hajaligeuza. Lakini lilikuwa la mumewe, na mtoto alikuwa hai, na alitaka liwe hivyo.

"Ukasema, 'Ulimrukia!' Ukanishika shingo, ukalia," alisema mumewe. "Nikanyamaza. Nikasema nitakuambia kesho. Kesho yake mawifi zako wote walikuwa wanajua."

"Na mataulo?"

"Hilo wazo langu," alisema Jaji. "Baba alisema hatuingii majini mpaka yeye aweze kututoa. Mataulo yangerudi makavu ungeuliza."

"Mwaka mzima, Jaji? Wewe?"

Jaji akatazama sakafu. "Ulikuwa unafurahi sana ukisimulia, mama."

Aibu ilimwingia Mama Jaji mpaka masikio yakawa ya moto. Alimgeukia mfamasia, ambaye alikuwa amelishika taulo lake linalochuruzika. "Dada, ulimtoa mwanangu. Na mimi nimekuja kukutukana mbele ya watu."

"Nilidhani unajua," alisema mfamasia. "Kila nikileta nguo unanipokea kama wateja wengine tu. Nikasema, labda ndivyo alivyo."

Neno hilo lilimuuma kuliko matusi. Na kwa kuwa hakuweza kumkasirikia mfamasia, wala mtoto, hasira yote aliimimina alikozoea.

"Ulisimama," alimwambia mumewe. "Mwanao anakunywa maji, wewe umesimama. Mimi pia sijui kuogelea, lakini ningeruka. Mzazi gani harukii?"

Mumewe alifuta uso, akautazama ukingo wa upande wa pili, kule ambako sakafu ya bwawa ilikuwa inashuka, kisha akauachia ukingo aliokuwa ameushika.

"Bado, Baba Jaji! Bado!" aliita mfamasia, lakini mwanaume alikuwa ameshaondoka. Alikuwa akipiga maji kwa viganja, shingo ameikaza, akisonga mbele kwa nguvu za hasira tu. Robo. Karibu nusu. Hapo pumzi ikamkatikia. Kichwa kikazama, kikaibuka, kikazama tena, na mkono mmoja ukabaki juu, vidole vikishika hewa.

Mama Jaji alikimbia. Alikimbia kandokando ya bwawa, aproni ikimpiga magotini, mpaka alipokuwa sambamba naye. Mkono ule ulikuwa hatua tatu mbele yake, mkono aliouvisha pete. Akaona kucha zilizokatwa. Akaiambia miguu yake iruke. Akaiambia tena. Alijisikia akipiga kelele, na aliona maji yalivyo mengi, na chini hapakuonekana.

Mfamasia alimfikia mumewe kwa mapigo manne au matano marefu ya mikono, akamwinua kidevu, akamvuta hadi ukingoni. Akamweka pale pale, mbele ya viatu vya mkewe. Mume akakohoa, akatapika maji, akavuta pumzi. Kisha akainua macho, akaona mahali Mama Jaji aliposimama.

Nyuma, miguu midogo isiyo na viatu ilikuja mbio. Kijiti akaishika aproni ya mama yake, akachungulia chini, kwenye mstari mweupe uliokuwa chini ya viatu vya mama.

"Mama," alisema, bila ubaya wowote, "na wewe umesimama."

"Ndiyo, mwanangu," alisema Mama Jaji, na akakaa chini pale pale sakafuni.