Ghorofani Alipojuliwa Hali

Niliota usiku wa jana kwamba jengo letu limeamka kabla yangu, linaoga.

Nasema letu, lakini si langu. Mimi Kalunde ni fundi cherehani tu, nashonea barazani pake, pale pale alipokuwa akishonea mama yangu. Ndilo jengo pekee la ghorofa katika mji wetu mdogo wa reli. Lilijengwa na mfanyabiashara mmoja wa nta na asali enzi za mababu, na watu humwita Ghorofani, kama vile ni mtu. Roshani yake ya mbao imelegea, nguzo zimeliwa na mchwa, na ukuta wa nyuma una ufa ambamo paka hupita bila kuinama. Nampenda kuliko nyumba ninayolala.

Katika ndoto nilijua, bila kuambiwa na mtu, kwamba siku hiyo inakuja kamati ya Mfuko wa Kuokoa Majengo Yanayokufa. Kamati ikiridhika kuwa jengo liko hatarini, linapewa ruzuku ya kutibiwa. Isiporidhika, katapila linaingia alasiri, panajengwa kituo cha mafuta. Mimi na cherehani yangu tukashone wapi, hilo halikuwa swali la kamati.

Basi nafika, namkuta Ghorofani amejimwagia maji mwili mzima, amejipaka chokaa hadi kwenye mabati. Kitenge cha mteja wangu amekitandaza mgongoni, kimefunika ufa.

"Bibi," namwambia, "hawa wanakuja kuona ubovu. Mbona unauficha?"

"Wageni waje wanikute uchi? Mama yako hakukufunza hivyo."

Ni kweli, hakunifunza hivyo. Nikamsaidia kufunga kitenge.

Kamati inafika. Mwenyekiti ni pima maji, ile ya waashi, amevaa tai. Kiputo chake cha hewa kikienda huku na huku ujue anafikiri, kikitulia katikati ujue ameamua. Katibu wake ni muhuri wa mpira anayetembea kwa kuruka, na kila anapokanyaga anaacha neno IMEKATALIWA. Nikamwomba apite pembeni, vitambaa vya watu hivi. Hakupita. Gauni la bibi harusi wa Jumamosi likapata IMEKATALIWA kifuani. Nikalikunja, sikutaka ugomvi na kamati.

Pima Maji akaeleza kwamba wao wana kanuni mbili tu, wala hazina ugumu. Ya kwanza, hatari haikisiwi. Mgonjwa huisema mwenyewe, kwa kinywa chake. Ya pili tutaambiwa tukifika. Kisha akamgeukia Ghorofani, akainama kidogo.

"Shikamoo, Bibi. Habari za hapa?"

"Marahaba, baba. Nzuri."

Kiputo kikatulia katikati. Muhuri akaruka juu ya karatasi. Mgonjwa amesema nzuri, kazi imekwisha.

Jamani. Kwetu mtu akiwa amefiwa asubuhi ile ile, ukimuuliza habari atakuambia nzuri. Halafu anavuta pumzi, anasema "ila". Habari yenyewe inaanzia hapo kwenye ila, kila mtu anajua, hata mtoto anajua. Na Ghorofani alikuwa bado anavuta pumzi. Jengo la umri ule pumzi yake huanzia msingini, haifiki mdomoni haraka.

Nikawaeleza hayo yote, nikawaomba wangoje ila. Pima Maji akanisikiliza vizuri sana, kisha akasema kanuni inatambua jibu la kwanza. Ila haina mahali pa kuandikwa. Kama sijaridhika nikate rufaa, na rufaa za wagonjwa husikilizwa zahanati. Hakumaliza kusema, tukawa zahanati.

Ghorofani amekaa kwenye benchi la wagonjwa, na benchi linavumilia. Roshani ameipakata. Amepanga foleni kama wengine, lakini kila mama anayeingia na mtoto mgongoni anapishwa atangulie. Namwambia, Bibi, utapitwa na siku. Ananijibu kwamba watoto wana homa, yeye ana mchwa tu.

Katapila naye yuko nje dirishani. Amezima injini, anatafuna karanga, anasubiri kwa adabu.

Zamu yetu ikafika. Mganga ni Pima Maji yule yule, amevua tai akavaa koti jeupe, anajifanya hatufahamu. Anauliza tena habari. Ghorofani anatazama benchi lililojaa watu, ananitazama mimi, anajiweka sawa.

"Namshukuru Mungu," anasema.

Kipande cha dari kinamdondoka, kinavunjika sakafuni. Anakifunika kwa pindo la kitenge.

Nikalia. Sioni haya kusema, nililia mbele ya wagonjwa. Nikamwambia Bibi kwamba heshima hizi zitatuua wote wawili, yeye leo na mimi kesho, na gari la mafuta litaegeshwa pale aliposhonea mama. Akanipapasa kichwa kwa ubao wa dirisha, akaniambia nisipaze sauti, watu wanaumwa.

Hapo ndipo akaingia Chibago. Chibago ni kinyozi, ananyolea upande wa kushoto wa baraza letu, na ni Mgogo. Mimi ni Mnyamwezi, naye Ghorofani kazaliwa Unyamwezini, kwa hiyo sote wawili ni watani zake. Na mtani ndiye mtu pekee anayeruhusiwa kukuumbua mbele za watu, nawe usinune. Hata msibani atamsema marehemu pembeni ya jeneza, na wafiwa watacheka.

Hakusalimia. Alimzunguka Ghorofani, akabonyeza nguzo kwa kidole, kidole kikazama. Akanusa roshani, akatema mate dirishani.

"Huyu ndiye mnamwambia mzima?" akamuuliza Pima Maji. "Huyu kaoza. Mgongo umepasuka. Magoti ni unga, ukitaka ugali songa. Ananuka popo. Mvua ikinyesha analia kushinda mjane, halafu leo kajipaka chokaa anataka kuposwa. Mpeni mwezi mmoja tu, mtamzoa kwa koleo."

Wagonjwa wote wakamgeukia. Hata katapila akaacha kutafuna.

Kisha nikasikia mabati yanatikisika. Ghorofani alikuwa anacheka. Alicheka hadi kitenge kikamdondoka na ufa ukaonekana wote, kutoka paa mpaka chini, na kwa mara ya kwanza hakuinama kukiokota. Alivuta pumzi ndefu. Nilihesabu mama mmoja, wa pili, wa tatu wakiingia na watoto, na bado anavuta.

"Nzuri, baba," akasema. "Ila naanguka."

Kiputo kikaenda kushoto, kikaenda kulia, kikarudi katikati. Muhuri akajipindua, akakanyagia kichwa, na kwa kichwa akaandika IMEKUBALIWA. Katapila akakung'uta maganda ya karanga, akaaga, akaondoka.

Nikataka kupiga vigelegele. Pima Maji akaniomba niviweke kwanza, bado kuna kanuni ya pili. Ruzuku iko njiani, alisema, na kama miradi yote, hadi ifike jengo litasimama kwa nguvu za wananchi. Nikauliza wananchi gani. Akatutazama mimi na Chibago. Nikauliza inafika lini. Kiputo kikaanza kuzunguka, na sikuwahi kukiona kikitulia.

Sasa tuko barazani. Boriti ya roshani iko juu ya bega langu la kulia, mwisho wake wa pili uko juu ya bega la Chibago. Ni nzito, acheni mchezo. Ghorofani anatushukuru na kuuliza kama tumekula. Chibago ananirushia maneno kutoka upande wake, eti Wanyamwezi waliobeba mizigo hadi pwani leo wanashindwa na roshani. Namjibu anavyostahili. Jasho linaingia machoni, ruzuku haionekani barabarani. Nikasema nipumzike kidogo tu, kidogo hivi.

Nikafumbua macho, niko kitandani kwangu, asubuhi kweupe.

Bega linauma. Nikajiambia nimelilalia vibaya. Nikanywa chai, nikajitwisha cherehani, nikaenda kazini kama siku zote.

Chibago alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kunyolea, shati limevuliwa upande mmoja, anajipaka dawa ya kuchua kwenye bega la kushoto. Mteja anamsubiri, yeye hana habari naye. Alinitazama tangu ninavuka barabara mpaka nafika, na uso wake haukuwa wa utani.

"Mnyamwezi wewe," akasema, "umeachia."

Nikatazama juu. Roshani, upande wangu, ilikuwa imeshuka vidole viwili. Nikatua cherehani, nikaenda kusimama chini yake.